Mali Bila Daftari

Mzee mmoja wa pwani alipofariki aliwaachia watoto wake wawili nyumba, minazi, na kopo la sarafu kuukuu. Minazi ilihesabiwa upesi, kopo halikuhesabiwa. Kijana mwanamume, ambaye ada ya shule ya wanawe ilikuwa imewadia, alitaka kumwuzia mchuuzi kopo zima kwa bei moja. Dada yake akakataa, akasema, "Kaka, utauzaje usichokijua?"

Basi jioni moja walitandika kitambaa mezani, wakafungua daftari, wakapiga mistari ya safu tano: namba, nchi, mwaka, thamani, na hali. Kaka alitaka kuzisugua sarafu kwa majivu na ndimu zipate kung'aa. Dada akamzuia, naye alifanya vema, maana sarafu iliyosuguliwa hufutika alama zake na kupungukiwa na bei.

Ya kwanza ilikuwa reale ya Maria Theresa ya mwaka 1780. Kaka akafurahi kupata kitu cha kale namna hiyo. Lakini hapo ndipo wengi hukosea. Malkia huyo alikufa mwaka 1780, na reale yake ikaendelea kupigwa miaka mingi baadaye kwa mwaka ule ule. Kwa hiyo dada aliandika: "Mwaka wa chapa 1780, mwaka wa kupigwa haujulikani."

Kisha ikaja pesa ya shaba ya Sayyid Barghash wa Unguja, yenye mizani na mwaka 1299 wa Hijra, yaani 1882. Ikafuata pesa ya Mombasa ya 1888, iliyotolewa na kampuni ya Kiingereza. Baada yake ilionekana heleri 20 ya Wadachi, iliyopigwa Tabora mwaka 1916 katika karakana ya reli, wakati vita vilipozuia sarafu kutoka Ulaya. Katika neno hilo heleri Waswahili walipata neno hela.

Palikuwa na senti kumi ya 1936 yenye tundu katikati na jina la Mfalme Edward wa Nane, aliyejiuzulu mwaka huo huo kabla ya kuvishwa taji. Mwisho zikaja shilingi za Afrika ya Mashariki. Zile zilizoanza mwaka 1921 zilikuwa na fedha robo; zile za 1948 hazikuwa na fedha hata kidogo. Mtu auzaye zote kwa bei moja hujipunja mwenyewe.

Dada alipohesabu shilingi za 1921 akapata nne. Alikumbuka kwamba baba aliwaonyesha saba. Kaka akanyamaza kitambo, kisha akakiri kuwa alikwisha uza tatu wakati wa matanga. Dada hakumkaripia. Alimpa kalamu. Kaka akaandika kwa mkono wake: "Tatu zimeuzwa, zitolewe katika fungu langu."

Mchuuzi aliporudi walimwuzia zile zilizofanana tu, moja moja, na ada ikalipwa. Zilizobaki zikatiwa katika bahasha zenye namba, na wote wawili wakatia sahihi chini ya ukurasa.

Wahenga walisema, mali bila daftari hupotea bila habari. Kwa ndugu hawa wawili daftari liliokoa mali, na lililo kubwa zaidi, liliokoa udugu.