Vyuo vyetu vifundishe wachambuzi wa tabia

Mhariri,

Sisi wazazi wa watoto wenye usonji tunahitaji wachambuzi wa tabia: wataalamu wanaochunguza kinachotangulia kitendo cha mtoto na kinachokifuata, kisha wakamfundisha hatua kwa hatua kuomba maji, kuvaa na kusubiri zamu yake.

Bodi ya Marekani inayowathibitisha wataalamu hawa, iliyoundwa mwaka 1998, hudai shahada ya uzamili, saa 315 za masomo, mazoezi ya saa 1,500 hadi 2,000 chini ya msimamizi, kisha mtihani. Lakini tangu 2023 imeacha kupokea waombaji wapya wanaoishi katika nchi nyingi, zikiwemo zetu.

Tusingoje bodi hiyo ianze kutupokea tena. Vyuo vikuu vya Kenya na Tanzania vinafundisha saikolojia na elimu maalumu. Viongeze uzamili wa uchambuzi wa tabia. Mkazo uwe kwenye mazoezi yenye usimamizi, katika shule zetu na kwa lugha anayoisikia mtoto nyumbani, kwani darasa pekee halimfundishi mtu kumwelewa mtoto asiyesema. Maadili nayo yatahiniwe: mtoto aheshimiwe, asilazimishwe.

Wakuu wa vyuo, watoto wetu wanakua. Anzeni sasa.

Mzazi,
Mombasa