Daktari Mwanafunzi Afundishwe Kuuliza



Hospitali nyingi za misheni hupokea wanafunzi wa udaktari wanaokuja kujifunza kazi wodini. Sisi wauguzi tunakesha nao, na tunapenda kutoa maoni yetu juu ya mafunzo yao. Wafundishwe mapema kuuliza: Je, tiba hii imepimwa? Ilipimwa kwa wagonjwa wa namna gani? Wangapi walipona, na wangapi walidhurika? Jibu la "ndivyo tulivyozoea" lisiwatoshe.

Tuchukue mfano wa dripu. Kwa miaka mingi vitabu vilielekeza kwamba mtoto mwenye homa kali, ambaye mikono na miguu imepoa kwa sababu damu haizunguki vizuri, apewe maji mengi ya mshipani kwa haraka. Hatimaye watafiti wakalipima jambo hilo katika hospitali za Kenya, Uganda na Tanzania. Watoto 3,141 waligawanywa kwa kura: wengine walipewa maji ya haraka, wengine hawakupewa. Matibabu mengine yote waliyapata sawa. Matokeo ya utafiti huo, uitwao FEAST, yalitolewa mwaka 2011. Katika kila watoto 100 waliopewa maji ya haraka, kati ya 10 na 11 walifariki ndani ya saa 48. Kwa wale wasiopewa, walifariki 7.

Tuyatafakari matokeo hayo. Waliokuwa wakitoa maji yale hawakuwa wazembe, na waliwapenda watoto. Lakini nia njema haikuweza kuwaonyesha madhara. Kipimo ndicho kilichoyaonyesha.

Hata hivyo, kusoma utafiti tu hakutoshi. FEAST haukuwahusu watoto waliokaukiwa maji kwa kuhara, wala wenye utapiamlo mkali. Mwanafunzi akishika neno moja tu, kwamba dripu ni mbaya, akamnyima maji mtoto aliyekauka kwa kuhara, atampoteza. Ndiyo maana somo hili lifundishwe kando ya kitanda, si darasani peke yake. Mwanafunzi aulize, atafute jibu, kisha amtazame mgonjwa aliye mbele yake: je, anafanana na wale waliopimwa? Hapo ndipo daktari mzoefu na muuguzi wa siku nyingi wanapohitajika sana.

Wako wakubwa wanaosema kijana anayeuliza hana adabu. Hatukubaliani nao. Kwinini ilitegemewa muda mrefu kutibu malaria kali. Mwaka 2010 yakatolewa matokeo ya watoto 5,425 wa nchi 9 za Afrika, Tanzania ikiwemo: kwa kila watoto 100, waliofariki kwa kwinini walikuwa kama 11, na kwa sindano ya artesuneti 8 au 9. Leo artesuneti ndiyo dawa ya kwanza kwa malaria kali. Kama wote wangenyamaza kwa heshima, watoto hao wangeokolewaje? Adabu iwe katika namna ya kuuliza, na mkubwa naye awe na moyo wa kujibu.

Nanyi wazazi mna sehemu yenu. Msipime ubora wa hospitali kwa dripu. Mtoto akiandikiwa dripu msiikatae, na asipoandikiwa msiilazimishe. Ulizeni sababu kwa upole. Na daktari kijana akisema, "Subirini kidogo nikatazame mwongozo," msimdharau. Mshukuruni, kwa maana anamjali mtoto wenu kuliko sifa yake.

Mtume Tomaso alitaka kuona alama za misumari kabla ya kusadiki. Bwana hakumfukuza, bali alimwonyesha mikono yake. Tuwaombee walimu wa madaktari wawe na uvumilivu wa namna hiyo.