Tusianze na rimoki



Kuna wale wanaotaka tuanze leo leo kuunga fremu ya rimoki ya kubebea muhogo. Mimi nakataa. TIG si kama bageti tulizozoea kuona Baraka. Huku mkono mmoja unashika moto, wa pili unalisha waya kidogo kidogo, na gazi ya argoni inafukuza hewa. Ile ncha ni ya tungsteni, haiyeyuki mpaka 3.422°C (madini yake, wolframiti, yanachimbwa hapa hapa Kivu!). Lakini ikigusa chuma kilichoyeyuka inachafuka, unasimama kuinoa upya. Jana mimi niliigusisha mara saba.

Basi tuchukue vipande vilivyotupwa, vya unene ule ule wa fremu, tuvisugue ving'ae, tuunge, kisha tuvipige nyundo. Kikivunjika mezani, tutacheka. Rimoki ikivunjika kwenye mlima wa Fizi, magunia yatamwangukia mama anayepanda nyuma kwa miguu.

Wanasema argoni ni ghali. Ndiyo, kwa hiyo mkono uzoezwe kwanza bila kuwasha. Kipande changu cha juzi kiko atelye: juu kinapendeza, ndani hakikushika. Mwende mkione.