Ukoka wa plastiki na nyayo zenye ganzi

Mwenye nyumba wa Shinyanga au Geita anayeng'oa ukoka na kutandika nyasi bandia ana sababu zake. Kiangazi ni kirefu, na maji ya Ziwa Viktoria yanayofika Shinyanga na Kahama kwa bomba hulipiwa. Kumwagilia majani wakati ndoo za jikoni zinahesabiwa ni anasa. Hoja hiyo ni nzito.

Lakini ukoka hai huvukiza maji na kuipoza ardhi, plastiki haiwezi. Chini ya jua la utosini, uso wake huweza kupita nyuzi 60 za Selsiasi, joto la kuunguza ngozi. Mwenye miguu mizima ataruka. Mgonjwa wa kisukari ambaye miguu yake imeingia ganzi hataruka: atavuka ua peku, na jioni atakuta lengelenge asilojua lilikotoka. Vidonda vya namna hiyo huweza kuishia kwenye kukatwa mguu. Kwa hiyo mhudumu wa kliniki anayekagua nyayo za mgonjwa ana haki, tena wajibu, wa kuuliza uani kumetandikwa nini.

Geita ina tahadhari ya ziada. Nyasi hizo hulazwa juu ya mchanga, na mchanga wa marudio kutoka machimbo madogo huweza kubeba zebaki. Haufai nyumbani, hata ukitolewa bure.

Asiyemudu kumwagilia ua mzima heri apande mwarobaini, ambao ukishashika mizizi hustahimili ukame na kutoa kivuli. Aliyekwisha kutandika avae viatu, na mwenye hisia kamili aguse kwa kiganja kabla mtoto hajaachiwa kutambaa.