Fundi wa katambuga naye akopeshwe

Fundi wa Buhemba, mkoani Mara, anayegeuza matairi chakavu kuwa viatu vya katambuga, na mitumba iliyochanika kuwa mikoba, anastahili mkopo wa halmashauri.

Sheria inatenga asilimia 10 ya mapato ya ndani: 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana, 2 kwa watu wenye ulemavu, bila riba. Mikopo ilisitishwa 2023, ikarejea 2024. Lakini fundi kijana hapati mpaka awe na kikundi. Kazi ya katambuga ni ya mtu mmoja na kisu chake: anakata soli, anaitoboa pembeni, anapitisha mikanda.

Tena Buhemba imechimbwa dhahabu tangu ukoloni. Dhahabu huisha shimoni. Lakini matairi chakavu, malighafi ya fundi huyu, yanaongezeka.

Wenye dhamana wawalegezee mafundi hawa sharti la kikundi, na fedha ziwafikie kabla mwaka wa bajeti haujafungwa.