Presha Hushuka, na Hupandishwa

Mwandishi mmoja anawaambia wanawake wa Mutakura, Burundi, kwamba ganzi ya mgongo wakati wa kujifungua hushusha presha ya mzazi, hivyo wavumilie uchungu. Kushuka, kweli: mishipa ya miguuni hulegea, damu hutuama chini. Hata kulala chali hushusha presha, mimba ikikandamiza mshipa mkubwa. Je, tupige marufuku vitanda? Mama hulazwa ubavu, hupimwa kila mara, huwekewa dripu, na efedrini, dawa ya kupandisha presha, hukaa tayari. Lakini mwandishi huyo aongeza eti uchungu “hulinda moyo”! Uchungu huukimbiza moyo na kupandisha presha. Mwenye dalili za kifafa cha mimba ganzi hiyo humfaa, mradi damu yake inaganda vizuri. Tangu 2006 kujifungua katika hospitali za umma Burundi ni bure. Sasa tudai humo na wataalamu wa ganzi.