Jenerali mpya, jeshi lile lile

Kuna aina moja ya habari ambayo nimechoka kuiandika: rais kateua mkuu mpya wa majeshi, basi vita sasa vitabadilika. Desemba 2024 Félix Tshisekedi alipomwondoa Jenerali Christian Tshiwewe na kumweka Jules Banza Mwilambwe, hata mimi niliiandika hivyo hivyo, kwa mbwembwe zote. Wiki sita hazikuisha, Goma ikaangukia mikononi mwa M23. Februari 2025 ikafuata Bukavu.

Jamani, sinema hii si tulishaiona?

Rudini Desemba 1996. Uvira, Bukavu na Goma zilikuwa zimeshakwenda. Mobutu akarejea Kinshasa tarehe 17 kutoka Ulaya alikokuwa akitibiwa saratani, na kesho yake akamkabidhi jeshi Jenerali Mahele Lieko Bokungu. Mahele hakuwa kituko. Alikuwa askari wa kweli, mwenye heshima hata kwa wapinzani, na aliwahi kushika cheo hicho kabla Mobutu hajamwondoa. Mpaka leo wapo wanaosema angepewa jeshi mapema, Zaire isingeanguka.

Mimi nasema huo ni uongo mtamu. Mahele alipewa jeshi gani hasa? Divisheni Maalumu ya Rais, DSP, ndiyo iliyokuwa na silaha na mishahara, na ilikuwa chini ya Nzimbi. Gadi ya Raia ilikuwa ya Baramoto. Wote wawili Wangbandi, kabila la Mobutu. Mahele alitoka Équateur pia, lakini hakuwa Mngbandi. Yaani mkuu wa majeshi alikabidhiwa kofia, bunduki zikabaki kwa ndugu.

Waliobaki ndio wale askari wa kawaida, ambao Septemba 1991 walipora Kinshasa kwa sababu hawalipwi, na Januari 1993 wakapora tena kwa sababu walilipwa kwa noti za zaire milioni 5 ambazo wafanyabiashara walizikataa. (Aliyesema noti hizo si halali ni Waziri Mkuu Étienne Tshisekedi, baba yake huyu rais. Historia ina utani wake.) Ongeza wanajeshi hewa, waliokuwepo kwenye orodha ya mishahara tu, na posho yao ikiishia kwa makanali. Halafu mpeleke huyo askari mashariki, anaongea Kilingala, raia wanaongea Kiswahili, njaa inamuuma. Atafanya nini? Alifanya alichokijua: alipora, akakimbia.

Januari 1997 serikali ikatangaza mashambulizi makubwa ya kurudisha miji yote. Wakaletwa mamluki, Waserbia wakiwemo, Kisangani. Kisangani ikaanguka Machi 15. Na Januari 2025 pale Goma? Mamluki wa Kiromania wakajisalimisha na kuvushwa kuingia Rwanda. Hata wazo hatukubadilisha, tulibadilisha uraia wa mamluki tu.

Najua jibu lenu: "Lakini Rwanda!" Sikatai. Mwaka 1996 kulikuwa na Rwanda na Uganda, baadaye Angola, nyuma ya Kabila. Mwaka 2024 wataalamu wa Umoja wa Mataifa walikadiria askari wa Rwanda kati ya 3,000 na 4,000 ndani ya Kongo. Huo ni uvamizi, na wanaokufa ni watu wa Goma, si majenerali. Lakini ndiyo maana nakasirika! Nchi kubwa vile inavamiwa kwa mlango ule ule, na jibu la Kinshasa linakuwa lile lile la kubadilisha jina kwenye mlango wa ofisi. Jeshi lililojengwa ili lisimpindue rais haliwezi kugeuka ghafla likailinda nchi. Mobutu hakukosea kulijenga vile, alikusudia. Miaka 32 hivi lilimfanyia kazi.

Mnajua Mahele aliishia wapi? Mei 16, 1997 Mobutu alikuwa ameshakimbilia Gbadolite. Usiku huo Mahele akaenda kambi ya Tshatshi kuwasihi askari wa DSP wasiugeuze mji uwanja wa vita. Wakamuua. Waliomuua ni askari wa jeshi ambalo yeye, kwenye karatasi, ndiye alikuwa mkuu wake. Kabila alikuwa bado hajaingia Kinshasa.

Taarifa nyingine ya uteuzi ikija mezani kwangu, sitauliza jenerali mpya alisomea wapi. Nitauliza askari wa Kivu wamelipwa lini mara ya mwisho. Mhariri akilikata swali, nitaliweka hapa.